Panya si binadamu

Ukishawishiwa kununua vidonge vya CLA ili upunguze unene, uliza kwanza vilimpunguza nani. CLA ni asidi ya mafuta iliyomo katika maziwa na nyama ya ng'ombe na mbuzi. Mwaka 1997, watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, waliwalisha panya chakula chenye asilimia 0.5 ya CLA. Mafuta mwilini mwao yakapungua kwa zaidi ya nusu. Majaribio mengine yalionyesha panya wakijaa mafuta kwenye ini. Kwa binadamu, unene uliopungua ni kidogo sana. Ushauri wangu kwetu sisi wa Taveta: punguza mafuta ya kukaangia, tembea kwa miguu, na pesa za vidonge nunulia maharagwe na mboga sokoni.