Starburster mmeiachaje?

Orodha nzuri ya nyimbo bora za mwaka, mwandishi, ila kuikosa Starburster ya Fontaines D.C. ni kutuonea. Kwangu ndiyo namba moja ya 2024. Vijana hao wa Dublin waliutoa wimbo huo kwenye hofu iliyomshika mwimbaji wao, Grian Chatten, katika kituo cha treni cha St Pancras, London. Ile pumzi anayoivuta kwa nguvu kwenye kiitikio, ukiisikiliza kwa hedifoni, nawe unajikuta unahema! Ya pili ni Right Back to It ya Waxahatchee: banjo inakwenda taratibu, MJ Lenderman anaitikia kwa chini, hakuna anayemfunika mwenzake. Ya tatu, She's Leaving You ya Lenderman mwenyewe, na lile gitaa lake la kukwaruza. Nyingine zenu sina ugomvi nazo.