Wanaosema Ndithini Hakuna pa Kutembea

Kila nikitaja mpango wangu wa kwenda kwa miguu siku tano, kutoka Kilimambogo kupitia Ndithini hadi bwawa la Masinga, napingwa na watu ninaowaheshimu. Wengine ni jamaa zangu, wazaliwa wa Machakos. Hoja zao nimezisikia hadi nimezikariri, na naona si haki ziachwe hivi hivi bila majibu. Ndizo zinazowafanya vijana wa Thika na Nairobi wapande basi la kwenda mbali ilhali nchi nzima ya vilima na maji iko karibu nao.

Hoja ya kwanza: Masinga si ziwa, ni bwawa la stima. Kweli ni kazi ya binadamu. Mto Tana ulizibwa hapo na bwawa likakamilika mwaka 1981, la juu kabisa katika mfululizo wa Seven Forks, likifuatwa na Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Lakini likijaa hutanda kilomita za mraba zipatazo 120 na kubeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 1.5 za maji. Anayetembea hana haja ya kujua ziwa lilitengenezwa na nani. Haja yake ni kujua ukingo wake ukoje. Maji ya Masinga yalipopanda yaliingia katika mabonde ya Tana na Thika na vijito vyake, migongo ya ardhi ikabaki imechomoza katikati. Unapanda kilima maji yakiwa mkono wa kushoto, ukishuka upande wa pili unayakuta tena mbele yako, ukadhani umefika ziwa jingine.

Ambalo wapinzani wangu hawalisemi, nalo ndilo lenye uzito, ni kwamba ukingo huo hautulii. Mwaka 2009 ukame ulishusha maji hadi mitambo ya Masinga ikazimwa. Mwaka 2024, katika mvua za Aprili na Mei, bwawa lilifurika na watu wa mtoni chini wakaambiwa wahame. Kwa hiyo njia uliyoipita Februari ikiwa kavu inaweza kuwa chini ya maji mwezi Mei, na ramani ya simuni haitakuambia. Atakayekuambia ni mvuvi aliyeshusha mtumbwi wake hapo asubuhi ya leo. Mpango wowote wa kutembea Masinga uanze na swali hilo: maji yako wapi wiki hii?

Hoja ya pili husemwa na watu waliopita barabara ya Thika kwenda Garissa na kuiona nchi kwenye dirisha la matatu: hakuna milima, ni tambarare ya vichaka. Waanze pale ninapoanzia mimi. Kilimambogo, ambao Wamaasai wanauita Ol Donyo Sabuk, una mita 2,145 juu ya usawa wa bahari. Uso wa bwawa la Masinga likijaa uko kwenye mita 1,056 hivi. Kwa siku tano, basi, mtu anateremka zaidi ya mita elfu moja, na si mteremko wa moja kwa moja bali wa kushuka na kupanda, kushuka na kupanda. Mlima wenyewe ni hifadhi ya taifa tangu 1967. Jina la Kiswahili si la mapambo, mbogo wapo kweli, kwa hiyo unapanda na askari wa wanyamapori. Njiani juu liko kaburi la William Northrup McMillan, mlowezi mzaliwa wa Marekani aliyefariki mwaka 1925, yule ambaye jina lake lipo kwenye maktaba ya Nairobi.

Chini ya mlima unavuka mto Athi kwenye maporomoko ya Fourteen Falls. Sitayasifu kupita kiasi. Maji yake yamebeba uchafu wa Nairobi, siku nyingine povu linaonekana na harufu inasikika. Tazama, kisha endelea. Ng'ambo ya mto unaingia nchi ya Yatta, na hapo ndipo natamani watu wa dirishani wangeshuka garini. Zaidi ya miaka milioni 13 iliyopita, lava ilitiririka ikafuata bonde la mto wa kale, ikaganda humo. Ardhi laini ya pande zote mbili ikamomonyoka kwa mvua, lava ikakataa. Kilichokuwa sakafu ya bonde ndicho leo mgongo ulioinuka, unaokwenda kusini mashariki karibu kilomita 300 hadi Tsavo, miongoni mwa mikondo mirefu kabisa ya lava inayojulikana duniani. Hakuna lango, hakuna tiketi. Mbuzi wanapanda na kushuka juu yake kila siku.

"Hata kukiwa na vilima, hakuna cha kuona." Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu inatoka kwa watu waliokulia humo. Tumezoeshwa kwamba kivutio ni simba au ufuko. Upo mfereji wa Yatta, uliochimbwa miaka ya 1950 kwa nguvu za watu waliowekwa vizuizini wakati wa Hali ya Hatari. Unatoa maji mto Thika, na hadi leo mashamba ya pande za Matuu yanaishi kwa maji hayo. Kuufuata mfereji huo asubuhi, ukijua ni mikono ya nani iliyouchimba, ni ziara tosha. Ipo pia mitaro ya fanya juu, ile ya kuchimba kando ya kilima na kutupa udongo upande wa juu hadi mteremko ugeuke ngazi. Katika miaka ya 1930 wakoloni waliiandika Machakos kama ardhi inayokufa. Waliookoa udongo wake ni wakulima wenyewe, wengi wao akina mama waliochimba kwa vikundi. Mtu anayepita kwa gari haoni ngazi hizo. Anayetembea anazihesabu kwa magoti.

Na iko mito ya mchanga. Niliwahi kusimama kando ya mmoja, mkavu kabisa kwa macho, nikamwona mama akipiga magoti na kuchimba kwa bakuli. Shimo lilipofika kina cha kiwiko, mchanga ukabadilika rangi. Maji ya kwanza yalikuwa ya kahawia, akayamwaga pembeni. Ya pili yalikuwa na ukungu, akamnywesha punda. Ya tatu ndiyo aliyoyaingiza mtungini, kikombe kwa kikombe, bila haraka, hadi mitungi minne ikajaa na punda akafungwa mzigo. Nikamwuliza, "Mama, yatakwisha lini?" Akajibu kwamba mchanga ukiwa mwingi jua halifiki chini. Ndiyo kanuni nzima ya mabwawa ya mchanga ambayo Ukambani inajulikana kwayo: zuia mchanga, nao utakuhifadhia maji.

Hoja ya nne ni joto, viboko na mamba. Hapa sibishani, naomba tu tupange vizuri. Kiboko hutoka majini usiku kula nyasi na kurudi alfajiri, na anayesimama kati yake na maji yumo hatarini. Kwa sababu hiyo usitembee ukingoni gizani wala mapambazuko. Anza saa kumi na mbili asubuhi ukiwa juu ya vilima, teremka majini saa nne, na uteremkie mahali wavuvi wanapoegesha mitumbwi, si kokote. Mamba hana saa zake, kwa hiyo usioge wala usichote mwenyewe. Kichocho nacho hakionekani kwa macho. Kuanzia saa sita hadi saa tisa kaa kivulini ule tilapia au kambale. Hifadhi ya Mwea, upande wa Embu kati ya Masinga na Kamburu, ina tembo, hivyo siku ya kuitembelea iachie gari.

Kuhusu msimu, Juni hadi Agosti kuna ubaridi na miguu inashukuru, ila mawingu huuficha Mlima Kenya. Januari kuna jua kali na anga safi. Machi hadi Mei acha kabisa: udongo mweusi hung'ang'ania viatu hadi kila mguu uwe na uzito wa tofali.

Kisha husemwa kwamba kutembea ni kwa asiye na nauli. Wazee wetu wangeshangaa. Karne ya 19 misafara ya Wakamba ilibeba pembe za ndovu kwa miguu hadi Mombasa, na mfanyabiashara Kivoi wa Kitui alijulikana pwani nzima kwa misafara hiyo. Mwaka 1851 alimchukua mmisionari Krapf kwenda naye mto Tana. Karibu na mto walivamiwa, Kivoi akauawa, msafara ukatawanyika. Krapf akabaki peke yake porini, akifa kiu. Alipoufikia mto hakuwa na chombo cha kuchukulia maji, akajaza mfuko wa darubini yake na mitutu ya bunduki, akaiziba, akarudi kwa kutembea usiku. Kila nikikaa kupanga safari yangu namkumbuka na ile bunduki iliyojaa maji. Katika nchi hii umbali si kilomita. Umbali ni kutoka maji hadi maji.

Linabaki suala la kulala. Hoteli ya bwawani ipo, gesti za Matuu na Masinga zipo, na katikati yake ni masoko madogo ambapo chumba hupatikana ukipiga simu mapema. Pita kwa chifu au naibu wake ujitambulishe, si kwa hofu bali kwa adabu, maana njia zinapita uani kwa watu. Ajiri kijana wa hapo akuongoze na umlipe siku nzima, hata kama njia ni fupi. Mizigo ibebwe na bodaboda hadi kituo cha jioni. Chakula kitakuwa muthokoi, na baada ya siku ya vilima hutatamani kingine.

Nimepanga kuondoka wiki ya pili ya Januari. Binamu yangu, aliyekuwa mkali kuliko wote kunipinga, aliniuliza juzi kama lita tatu za maji kwa siku zitamtosha. Hazitamtosha. Nimemwambia abebe tano.