Staa wetu, machungu yangu yana kazi kwenye kura

Wadau, kuna staa mmoja wa Bongo (jina naliweka kapuni, mashabiki zake nawajua vizuri) kaposti kavideo anatufundisha vijana namna ya kupiga kura. Kakaa zake kwenye sofa jeupe, anasema tupige kura kwa akili, tusipeleke "machungu binafsi" kwenye sanduku. Eti kama umebaguliwa mahali, hilo ni lako na Mungu wako. Likes zimemiminika kama mvua ya masika. Kuna mtangazaji naye kadandia kwenye komenti: sera kwanza, hisia baadaye.

Mimi ni mtu mwenye ualbino, nimezaliwa Dar na nimekulia Dar. Sasa ngoja niwaambie hayo machungu yana nini ndani.

Ni konda anayeniita "dili" daladala nzima ikisikia, na watu wanacheka. Kwa asiyejua, dili maana yake viungo vyangu vina bei. Ni mama anayejitemea mate kifuani tukipishana, asije akazaa kama mimi. Ni usaili ambao niliambiwa nafasi ya mapokezi "haitanifaa", nisubiri simu. Ofisi siitaji. Simu yenyewe sijaiona mpaka leo.

Haya niambie, kipi hapo sio sera? Tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu 2010, inakataza kubagua mtu kazini. Nani anaisimamia? Mtoto mwenye ualbino haoni vizuri ubaoni, anakalishwa nyuma, mwisho wa mwaka anaambiwa hana akili. Nani anapanga bajeti ya shule ile? Jua linatuua kwa saratani ya ngozi, na wengi wanaondoka wakiwa bado vijana. Mafuta ya kujikinga yanatengenezwa hapa hapa nchini, KCMC Moshi, sio kitu cha kuagiza mwezini. Ila kufika kwenye zahanati ya kata yako, hapo ndo unahitaji diwani na mbunge anayejua kwamba hayo sio mafuta ya urembo. Mimi haya sikuyasoma kwenye ilani ya mtu. Nimeyajua kwa ngozi yangu.

Na kuna jambo watu hawapendi kuligusa. Wenzenu uchaguzi ukikaribia mnawaza mabango na wasanii wa kampeni. Sisi tunawaza nani anaenda kwa mganga. Mwaka 2015 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walionya hadharani kuwa hatari kwetu inapanda kabla ya uchaguzi, sababu wapo wanaoamini viungo vyetu vinaleta ushindi. Mwaka huo huo, Januari, serikali ilikuwa imepiga marufuku waganga wapiga ramli. Halafu 2024, huko Muleba, Kagera, akauawa mtoto ambaye hata miaka mitatu hajafikisha. Yaani mtu anaambiwa mwili wake ni kifaa cha kampeni, halafu staa anamwambia kwenye kura asiwe na hisia. Hivi jamani?

Kichekesho ni kwamba staa huyo huyo aliwahi kulalamika kodi na vibali vya shoo vinamkandamiza, akaapa atakumbuka siku ya kura. Watu wakampigia makofi, ikaitwa kutetea sanaa. Yake maslahi, yangu machungu. Sawa bwana.

Najua kuna machungu yanayopotosha. Kuna jamaa alitapeliwa na mtu wa kabila fulani, sasa anaapa hatampa kura mgombea yeyote wa kabila lile. Huyo kabeba kosa la mmoja akawatwisha watu ambao hajawahi hata kuwaona. Mimi sidai kisasi kwa yule konda wala kwa jamaa zake. Nadai sheria ifanye kazi, na ikifanya kazi itamlinda hata mtoto wa konda.

Wala msinirukie eti nitampa kura mwenye ualbino mwenzangu basi. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge, tukafurahi. Mwaka 2010 watu wa Lindi Mjini wakamchagua Salum Barwani, mtu wa kwanza mwenye ualbino kushinda jimbo nchini. Waliomchagua wengi wao ngozi zao kama zenu. Rangi ya mgombea hainipi mafuta zahanati. Na wale wanaokuja kumbeba mtoto mwenye ualbino kwa dakika mbili za kamera, nawakumbuka vizuri sana.

Mgombea udiwani akifika mtaani kwetu nitamuuliza mambo mawili: mafuta zahanati ni lini, na watoto wetu watakaa wapi darasani. Akijibu kwa kunikumbatia na kuita mpiga picha, nasogea kwa mwenzake.