Afande hahitaji mahubiri, anahitaji tembe na nesi wa kumfuatilia

Kwenye ploti tunayoishi kuna jirani tunayemwita Afande. Alikuwa KDF, akapelekwa Somalia, akarudi, akastaafu. Saa mbili asubuhi utamkuta kwa mlango wake mikono ikitetemeka. Akipata glasi ya kwanza, mikono inatulia. Vijana wa mtaa humcheka, na sitadanganya, hata mimi nilikuwa nacheka.

Halafu siku moja nikamsindikiza kituo cha afya. Alikuwa analalamika kichwa. Wakampima presha, wakampa dawa za presha, tukatoka. Harufu ya pombe ilikuwa imejaa chumba kizima, lakini hakuna aliyemuuliza swali hata moja kuihusu. Njiani akaniambia, “Kijana, wameona. Hawajui tu waseme nini.”

Hayo maneno yalinikaa. Nikaanza kusoma wenzetu walio na wanajeshi wastaafu kwa mamilioni wanafanyaje. Mimi si daktari, na chuo sikumaliza, lakini kusoma sijaacha.

Marekani ina idara nzima ya wastaafu wa jeshi, inaitwa VA, na ina hospitali na kliniki zake yenyewe. Tangu 2004, mstaafu anayeenda kliniki ya kawaida, hata kama ni mgongo tu unamuuma, anaulizwa maswali 3 kila mwaka. Unakunywa mara ngapi? Siku ukinywa, unapiga glasi ngapi? Na ni mara ngapi unafika glasi 6 au zaidi kwa kikao kimoja? Majibu yanapewa alama kutoka 0 hadi 12. Ukifikisha 5, mhudumu anatakiwa kukaa na wewe muongee kuhusu unywaji wako.

Ni kitu rahisi na hakina gharama kubwa. Shida ilianzia hapo mbele. Kuuliza si kutibu. Aliyeonekana kuwa mraibu alitumwa kwa kliniki ya wataalamu wa uraibu, na wengi hawakufika. Fikiria mtu aliyekuwa sajini, amezoea kupigiwa saluti, sasa anaambiwa akapange foleni kwa mlango ambao kila mtu anajua ni wa walevi. Angeenda kweli?

Na dawa ziko. Hili ndilo lilinishtua zaidi. Naltrexone iliidhinishwa Marekani kutibu uraibu wa pombe mwaka wa 1994. Ni tembe inayopunguza ile raha ya pombe, hivyo hamu inashuka. Lakini kwa miaka mingi, wastaafu waliopewa dawa yoyote ya uraibu wa pombe walikuwa chini ya mmoja kati ya kila kumi waliopatikana na tatizo hilo. Madaktari wa kliniki za kawaida waliona hiyo si kazi yao. Wengine hawakuwa wamefunzwa. Nao wagonjwa wengi hawakujua kama kuna tembe ya aina hiyo.

Ndipo watafiti wakajaribu kuleta matibabu pale pale mgonjwa anapopimwa presha. Utafiti mmoja uliochapishwa 2014 ulihusisha wastaafu 163. Baadhi walitibiwa kwa kliniki yao ya kawaida kwa wiki 26, kwa mazungumzo mafupi ya kila mara, ana kwa ana au kwa simu, pamoja na naltrexone. Wengine walitumwa kwa wataalamu. Waliobaki kliniki ya kawaida walidumu zaidi kwenye matibabu, na siku zao za kulewa chakari zilikuwa chache.

Ningeishia hapo ingekuwa habari tamu, lakini tuambiane ukweli wote. Mwaka wa 2018 ukatoka utafiti mwingine, wa watu 304 katika kliniki 3 za VA. Hawa hawakuchaguliwa kwa sababu wanataka kuacha. Walichaguliwa kwa sababu wanakunywa sana. Manesi waliwafuatilia kwa miezi 12. Asilimia 32 wakapata dawa, ilhali kwa kundi lililohudumiwa kama kawaida ni asilimia 8 tu. Lakini mwaka ulipoisha, unywaji wa makundi haya mawili haukuwa na tofauti ya maana.

Kuna watakaosema, “Si unaona? Kazi bure.” Mimi siisomi hivyo. Naona mambo mawili. Kwanza, ukileta matibabu karibu, watu wanayachukua. Pili, tembe pekee haimfanyi mtu atake kuacha. Kama usingizi unakatwa na ndoto za vita, hana kazi na hana wa kuongea naye, pombe bado itakuwa rafiki yake wa karibu. Kwa hivyo mlango lazima ubaki wazi hadi siku atakapokuwa tayari, na siku hiyo asitumwe mbali.

Sasa turudi nyumbani. Wanajeshi wetu waliingia Somalia Oktoba 2011. Wengine walikuwa El Adde Januari 2016. Wengi wao sasa ni majirani zetu. Tuna sheria ya wanajeshi wastaafu ya 2022 na sheria ya afya ya msingi ya 2023. Tuna wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wanaobisha hodi wakipima presha na sukari. Na mwaka wa 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza naltrexone na acamprosate kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Lakini sisi pombe tunaipigia vita kwa msako. Februari 2024 watu walipofariki Kirinyaga baada ya kunywa pombe yenye sumu, serikali ilikuja na msako wa baa na viwanda. Sawa, sumu iondolewe. Lakini baa ikifungwa usiku, mraibu anaamka na arosto ile ile asubuhi. Kituo cha kurekebisha waraibu nacho kinataka pesa ambazo familia nyingi mtaani hazina.

Ningekuwa na sauti pale wizarani, ningeomba vitu vitatu. Maswali 3 yaongezwe kwa yule anayepima presha. Dawa ziwe kwenye kituo cha afya cha mtaa, na kliniki ofisa afunzwe kuzitoa. Na kila kituo kiwe na nesi mmoja ambaye kazi yake ni kupiga simu na kuuliza, “Afande, wiki hii imekuwaje?”

Na wewe unayesoma hii ukiwa na mzazi au mjomba wa aina hiyo, usimfungie nyumba ukamnyima pombe ghafla. Mraibu wa miaka mingi akikatiwa mara moja anaweza kupata kifafa, hata afe. Mpeleke akaonwe kwanza, na dawa usimnunulie kienyeji.

Wiki jana nilimuuliza Afande yale maswali 3, tukiwa tumeketi kwa ngazi. La tatu alilijibu huku akicheka: “Kila siku.” Alama zake zilikuwa 12. Kisha akanyamaza kidogo, akaniuliza, “Hiyo tembe unayosema, hapa kwetu inapatikana wapi?”

Sikuwa na jibu la kumpa.