Tupige Chapa kwa Vidole Kumi, na kwa Kiswahili

Zamani ofisa wa umma aliandika rasimu ya barua kwa kalamu, ikapelekwa kwa mpiga chapa, ikarudi kusahihishwa, kisha ikapelekwa tena. Leo kompyuta iko mezani kwa ofisa mwenyewe, na barua anaiandika yeye. Lakini itazame mikono yake. Vidole viwili vya shahada vinadonoa kibodi kama kuku anayetafuta punje. Macho yanashuka kwenye vitufe, yanapanda kwenye kioo, yanashuka tena. Na mwananchi aliyetoka mbali kufuata barua ya mistari kumi anaketi kwenye benchi, akisubiri herufi zitafutwe moja moja.

Ni dhahiri kwamba tumebadili mashine bila kubadili mikono. Sababu yake si uhaba wa vifaa bali ni kasumba. Tulirithi kwa wakoloni ofisi ambamo bwana mkubwa anafikiri na karani anapiga chapa. Baada ya Uhuru kazi hiyo tukawaachia wahazili, wengi wao akina mama, nao waliifanya kwa ustadi ambao hatukuuheshimu ipasavyo. Mhazili aliyehitimu vizuri katika Chuo cha Uhazili Tabora, ambacho leo ni sehemu ya Chuo cha Utumishi wa Umma, alipiga barua nzima macho yake yakiwa kwenye rasimu, bila kuitazama mashine. Mkuu wake, mwenye shahada ya chuo kikuu, aliuona ustadi huo kuwa ni jambo la ngazi ya chini. Sasa mashine imehamia mezani kwa mkuu, naye hajui pa kuweka vidole.

Ustadi wenyewe hauna uchawi. Mwaka 1888, katika mji wa Cincinnati nchini Marekani, mwandishi wa hatimkato mahakamani aitwaye Frank McGurrin alishindana hadharani na Louis Traub, mpiga chapa hodari wa siku zile. McGurrin alikuwa amejifundisha mwenyewe kukariri mahali pa kila kitufe, akipiga kwa vidole vyote bila kutazama. Alishinda. Macho yake yalikuwa huru kusoma, na mikono ikafanya kazi yake.

Mtu mzima aweza kujifunza hivyo kwa dakika 20 kila siku. Vidole vinne vya kushoto huwekwa juu ya A, S, D na F. Vya kulia juu ya J, K, L na kitufe kinachofuata. Gumba huachiwa nafasi kati ya maneno. Vile vinundu vidogo juu ya F na J, ambavyo wengi hudhani ni pambo, vimewekwa ili kidole cha shahada kijue kwao bila kuuliza macho. Wiki za mwanzo mtu huwa mpole kuliko alivyokuwa akidonoa, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kurudi kwenye vidole viwili. Asirudi. Afunike mikono kwa kitambaa ikibidi, asahau mbio, atafute usahihi. Kidole kilichozoea kosa hulirudia kosa hilo kwa kasi ile ile. Tena dakika 20 za kila siku zinafaa kuliko saa tatu za Jumamosi.

Hapa ndipo penye jambo lililonifanya nishike kalamu, au tuseme kibodi. Mazoezi tunayoyatumia ni ya Kiingereza. Kila anayeanza hupewa sentensi ile ya mbweha anayemruka mbwa mvivu, kwa kuwa ina herufi zote za Kiingereza. Ndiyo, inazo zote. Lakini A imo mara moja tu! Q na X nazo zimo mara moja moja, na Kiswahili hakina haja nazo. Sasa A ndiyo herufi inayotumika kuliko zote katika lugha yetu, na katika mpango wa herufi uliotokana na mashine ya Sholes, iliyoanza kuuzwa na Remington mwaka 1874, imewekwa chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote. Chukua neno *watawafahamisha*. Lina A sita, na herufi zake nane za mwanzo zote ni za mkono wa kushoto. Kidole kilichofunzwa na mbweha yule kitachoka kabla ya aya ya pili.

Kinyume chake, *kilimo* ni la mkono wa kulia tupu. Hata *ukoloni*, kwa bahati mbaya, hupigwa kwa wepesi huo huo. Na ng' ya *ng'ombe* na *king'ora* hudai kidole cha shahada cha kulia, kisha cha kushoto, kisha kidole cha mwisho cha kulia kwa ajili ya ritifaa: mruko ambao mwalimu wa Kiingereza hana sababu ya kuufundisha.

Tangu mwaka 1967 Serikali ilipoagiza shughuli zake ziendeshwe kwa Kiswahili, tumetafsiri fomu, sheria na istilahi. Mikono hatujaitafsiri. Vyuo vyetu vingeweza kutunga kitabu chembamba cha mazoezi ya Kiswahili, na kazi hiyo si ngumu, maana mstari wa kati wa kibodi peke yake unatupa *jalada*, *kashfa*, *lahaja*, *shahada* na *falsafa*. Kipimo nacho kielezwe vizuri. Kimataifa "neno" moja la mpiga chapa huhesabiwa kuwa ni mapigo matano, hivyo *watawafahamisha* ni maneno matatu. Anayehesabu maneno yetu kama yalivyo atamwona Mswahili mvivu bure.

Wako watakaosema kwamba siku hizi simu husikia sauti na kuandika yenyewe. Na waizungumzie barua ya siri ya nidhamu ya mtumishi katika chumba chenye meza sita, tuone.

Mimi mwenyewe, licha ya kazi yangu hii ya uandishi, nilidonoa kwa miaka mingi. Makala hii nimeipiga kwa vidole kumi, kitambaa kikiwa juu ya mikono. *Falsafa* na *jalada* zilitoka salama. *Ng'ombe* nimemrudia mara tatu, na kesho asubuhi, kabla simu za ofisini hazijaanza kulia, nitaanza na yeye.