Chora kwanza, kamera baadaye

Wasomaji wangu, leo sina habari za programu mpya. Leo nina ugomvi, tena na rafiki zangu wanaotengeneza filamu fupi huku kwetu Ukambani, Kitui na Makueni.

Kila nikiwauliza kama wametengeneza animatiki, wananicheka. Eti hayo ni mambo ya katuni na Hollywood. Si kweli! Animatiki ni michoro ya filamu yako, mmoja kwa kila shoti, iliyopangwa kwenye kompyuta na kupewa sekunde zake, pamoja na maneno uliyorekodi kwa simu. Unaitazama filamu yako kabla hujamlipa mtu hata shilingi.

Niliwahi kusaidia filamu ya dakika 10 kuhusu msichana anayechimba maji katika mchanga wa mto Tiva, kule Kitui. Mwisho wake ulikuwa sokoni Wote, Makueni. Hatukuchora chochote, kwa hiyo kila mtu alikuwa na filamu yake kichwani. Asubuhi nzima tulibishana msichana atokee kushoto au kulia. Ilikuwa Novemba. Siku ya tatu mvua ikanyesha, mto ukajaa, na shoti za kuchimba maji hatukuzipata. Tulipokuja kuhariri, msichana kutembea na mtungi pekee kulikuwa kumekula dakika 4. Sehemu ya Wote, tuliyokodia gari na kulisha watu muthokoi siku mbili, tukaitupa yote. Animatiki ingetuonyesha hayo tukiwa mezani, kwa gharama ya karatasi na kalamu.

Sisi waandishi wa programu tulijifunza jambo hili kwa machozi. Kosa lililo kwenye karatasi unalifuta kwa raba. Lililokwisha kufika kwa mtumiaji linakunyima usingizi.

Mtasema bajeti zenu ni ndogo. Basi sikieni: George Lucas, alipotengeneza Star Wars ya 1977, aliunganisha vipande vya filamu za ndege za Vita Vikuu vya Pili ili mafundi wake waone mapigano ya angani yatakavyokwenda. Yeye aliyekuwa na mamilioni ya dola aliona haja ya kujaribu kwanza. Wewe uliyechangiwa na shangazi zako unaona huihitaji?

Mtasema hamjui kuchora. Hata mimi sijui. Chora watu wa vijiti, uwapige picha kwa simu, uzipange katika Kdenlive au Blender. Zote mbili ni za bure.

Mtasema mpango unaua sanaa. La! Anayejua shoti anazohitaji ndiye mwenye nafasi ya kupokea bahati, kwa mfano mbuzi wakikatiza nyuma ya mwigizaji wakati jua linazama. Asiyejua anabaki kubishana mpaka giza linaingia.

Huku kwetu tunategemea zaidi mvua ya Oktoba hadi Desemba. Mkulima hutayarisha shamba vumbi likiwa bado linatimka. Hangoji tone la kwanza ndipo akatafute jembe. Wewe mwenye kamera umezaliwa na kulelewa na mkulima huyo huyo. Hili la kungoja mto ujae ndipo upange, ulifundishwa na nani?