King Majuto alituchekesha sana, mikataba je?

Wadau, leo tuongee bila kupepesa macho. Kipande cha King Majuto kikikatiza kwenye simu tunacheka, tunashea, tunaandika "gwiji", tunasepa. Imetosha?

Huyu mzee, Amri Athumani wa Tanga, alizaliwa 1948 na alianza kuigiza jukwaani akiwa bado mtoto. Jukwaani hakuna kurudia, ukichemka watu wanakuona laivu. Ndo maana kamera zilipokuja hazikumtisha. Maigizo, filamu za Bongo, matangazo ya biashara, kote alikimbiza. Akikunja uso tu, ushacheka.

2018 akaugua, akapelekwa mpaka India kutibiwa. Hapo ndo watu wakaanza kuulizana: sura yote ile kwenye matangazo, mkwanja uko wapi? Serikali ikaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Agosti 8 mwaka huohuo mzee akatutoka, pale Muhimbili.

Kuna wanaosema wasanii wanaishiwa kwa sababu ya bata. Mi nabisha. Tangazo ukilipwa mara moja, halafu likaruka miaka na miaka, hapo anayekula bata ni nani?

Dogo unayeanza kuigiza, kabla hujasaini uliza: litaruka wapi, kwa muda gani, na wakiongeza muda nalipwaje? Kama huelewi lugha ya mkataba, mpe mwanasheria asome. Usione soo. Kiki inapita, saini yako inabaki.